Nyumba Njema si Mlango: Majumba ya Matajiri wa Pwani na Upande wa Bara wa Mombasa

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii tumezoea kuitumia tunapowaonya vijana wasivutwe na uzuri wa sura wakasahau tabia. Katika makala haya ninanuia kuitumia kwa maana yake ya wazi kabisa, ile ya nyumba na mlango. Nyumba ninazozikusudia ni majumba ya mawe yaliyojengwa na familia za wafanyabiashara wa upwa wa Afrika Mashariki, ambayo baadhi yake yamehifadhiwa na kufanywa makumbusho. Hoja yangu ni kwamba makumbusho hayo yamefanya kazi njema isiyo budi kuendelea, lakini yametuonyesha mlango zaidi ya ndani. Maisha ya watwana, wajakazi, wapagazi na vibarua, ambao jasho lao ndilo lililoyasimamisha majumba hayo, yameachwa kizani. Na mahali panapofaa kuyahifadhi ni upande wa bara wa Mombasa, yaani Kisauni, Likoni na Changamwe. Aidha, ninashikilia kwamba kazi hiyo inatuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kabla ya kuwahusu wasanifu majengo na wenye hoteli, kwa sababu sehemu kubwa ya ushahidi uliosalia imo katika lugha.

Jumba la Lamu na msamiati wake

Anayetaka kuiona nyumba ya familia ya kitajiri ya Waswahili ilivyokuwa na aende Lamu. Huko Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yanaitunza nyumba ya karne ya 18 ambayo imefanywa makumbusho na kupangwa vyombo kama kwamba wenyewe wametoka kidogo na watarudi jioni. Mji wenyewe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na nyumba za aina hii zilichangia sana katika kuupatia heshima hiyo.

Mpangilio wa nyumba za mawe za Lamu umeelezwa na wataalamu wengi, miongoni mwao Usam Ghaidan, ambaye kitabu chake juu ya mji huo kilitoka mwaka 1975. Mgeni hupokewa kwanza katika daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza pande mbili. Akiruhusiwa kupita huingia katika tekani, kisha hutokea kiwandani, uwanja ulio wazi kwa juu unaoingiza hewa na mwanga. Mgeni wa kiume asiye wa jamaa huishia katika sabule. Wa jamaa huendelea hadi msana wa tini, kisha msana wa yuu, na mwisho kabisa ni ndani, mahali pa wanawake na watoto. Kadiri mtu anavyoingia ndivyo sakafu inavyoinuka kidogo na ndivyo faragha inavyozidi. Ukutani mwa ndani zimo zidaka, safu juu ya safu, zilizochongwa katika lipu ya chokaa na kupambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Chooni mna birika la maji, na ndani ya birika hufugwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu.

Msomaji atatambua kwamba nimetumia tini na yuu badala ya chini na juu. Maneno hayo ni ya Kiamu, na hapo ndipo thamani ya makumbusho ya namna hii inapoonekana. Nyumba imehifadhi maneno. Mwanafunzi anayesoma katika kamusi kwamba kidaka ni shimo la ukutani la kuwekea vitu huenda asielewe kwa nini nyumba moja iwe na vidaka vingi kiasi hicho. Akisimama mbele yake, anaelewa mara moja. Vivyo hivyo kuhusu wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili ili wanawake wa ukoo mmoja watembeleane bila kushuka njiani. Neno na kitu vinapokaa pamoja, neno halifi upesi. Kwa sababu hiyo siungi mkono hata kidogo wale wanaodai kwamba majumba ya matajiri ni ya matajiri na kwamba umma hauna faida nayo. Ni hazina ya lugha yetu.

Orofa ya chini

Hata hivyo, kuna maswali ambayo zidaka haziyajibu. Upana wa vyumba vya Lamu hauzidi sana mita 3, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio uliouwekea mpaka. Ni nani aliyezama matopeni kuikata mikoko hiyo? Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya marundo ya kuni mpaka yakawa unga. Ni nani aliyeyachimba, akakusanya kuni, akakesha motoni? Maji ya birika yalitekwa kisimani na kuchukuliwa mitungini kila siku ya Mungu. Ni kichwa cha nani kilichoibeba mitungi?

Jibu linajulikana na wanahistoria hawalifichi. Katika nyumba za orofa wenye nyumba walikaa juu, na orofa ya chini ilikuwa ghala na makao ya watumwa. Katika karne ya 19 utajiri wa Lamu ulitegemea sana mashamba ya bara iliyoikabili, ambako watumwa walilima nafaka iliyosafirishwa kwa majahazi. Hali ya Mombasa haikutofautiana sana na hiyo. Wakuu wa kisiwa, Waarabu kwa Waswahili, walikuwa na mashamba Kisauni, Likoni, Changamwe na kwingineko barani, na wengi wa waliolima humo walikuwa watumwa. Frederick Cooper ameyaeleza haya kwa kirefu katika utafiti wake juu ya utumwa wa mashambani, uliochapishwa mwaka 1977. Ina maana kwamba nyumba ya tajiri wa pwani haikuishia kwenye kuta zake. Nusu yake ilikuwa ng'ambo ya mkono wa bahari, katika vibanda vya udongo na makuti vya shambani. Aliyeihifadhi nusu ya kisiwani peke yake amehifadhi nusu ya nyumba.

Nchi nyingine zimelikabili jambo hili. Katika kisiwa cha Gorée nchini Senegal ipo nyumba iliyojengwa na familia ya kitajiri mnamo mwaka 1776 hivi. Orofa ya juu ilikuwa na vyumba vya kifahari na ya chini ilikuwa na vyumba finyu vya giza. Nyumba hiyo ilifanywa makumbusho mwaka 1962 na ikaitwa Nyumba ya Watumwa. Jina lake likachukuliwa kutoka kwa wale wa chini wala si kwa wenye nyumba. Wanahistoria wamebishana sana juu ya idadi ya watu waliopitishwa katika mlango wake wa baharini, na wengi wao wanaona kwamba idadi iliyotajwa kwa miaka mingi ilitiwa chumvi. Ubishi huo ni funzo kwetu: atakayeifungua orofa ya chini na aifungue kwa ukweli, asikuze wala asipunguze. Katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, shamba la Whitney lilifunguliwa kwa umma mwaka 2014 likiwa limepangwa ili mgeni asikie kwanza habari za waliolilima, kisha za walioimiliki nyumba kubwa. Kama wengine wameweza, sisi tumeshindwa na nini?

Ushahidi ulio vinywani mwetu

Huenda mtu akasema kwamba watumwa hawakuacha vyombo vya kaure, kwa hivyo hakuna cha kuonyesha. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kusimama na kusema. Wameacha maneno, na maneno hayo tunayatumia kila siku bila kuyatazama.

Tuchukue neno uungwana. Leo tunalitumia kwa maana ya adabu njema. Lakini mwungwana katika miji ya pwani alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Yaani lugha yetu imeiita adabu kwa jina la tabaka, kana kwamba asiye huru hakuweza kuwa na adabu. Neno hilo lilisafiri na misafara ya biashara hadi mashariki ya Kongo, na Kiswahili cha huko kikaitwa Kingwana. Tuchukue pia neno mjinga. Kwetu leo ni mtu asiyejua. Kwa wenye watumwa wa karne ya 19 mjinga alikuwa hasa mtumwa aliyeletwa karibuni, ambaye hajaijua lugha wala desturi za pwani. Na aliyezaliwa hapa hapa aliitwa mzalia. Ujinga wake ulikuwa ni ugeni, tena ugeni wa kulazimishwa.

Neno kibarua nalo ni barua ndogo, yaani kipande cha karatasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili kithibitishe kazi yake. Watumwa wa mijini walitumwa kufanya kazi za namna hiyo na sehemu ya ujira wao ikaenda kwa bwana. Leo bandarini Kilindini na katika viwanda vya Changamwe neno hilo liko hai, na anayelitumia hajui kwamba ametamka historia. Hata methali zetu hazikusalimika. Tunafunzwa tangu shule za msingi kwamba mwacha asili ni mtumwa. Ni methali yenye hekima kwa mtu aliyeitupa asili yake kwa kupenda. Lakini mtumwa halisi hakuiacha asili yake, alinyang'anywa. Mhadhiri anayeifundisha methali hii bila kulitaja hilo ameufundisha mlango, ndani hakuingia.

Upo pia ushahidi wa masimulizi. Mfanyabiashara mashuhuri kuliko wote wa misafara, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alituachia tawasifu yake kwa Kiswahili, iliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Alifariki Unguja mwaka 1905, na nyumba yake katika Mji Mkongwe huonyeshwa wageni mpaka leo. Mwenye nyumba, basi, amesikika kwa ulimi wake mwenyewe. Wapagazi wake hawakuandika. Lakini Mombasa tumebahatika kwa namna nyingine. Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa mji huo, nayo yalichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili. Msomaji wa masimulizi hayo anaona jinsi maisha ya wenye nyumba na ya kizazi cha watumwa yalivyofungamana katika unyago, harusi, ngoma na malezi ya watoto. Kazi kama hiyo ingefanywa mara kumi, leo tungekuwa na maktaba.

Kwa nini upande wa bara?

Kwa kawaida urithi wa Mombasa ukitajwa, fikira za watu huenda kisiwani: Ngome ya Yesu, Mji wa Kale na milango yake ya nakshi. Bara huonekana kuwa mahali pa kupita, pa hoteli, pa viwanda na pa kulala wafanyakazi. Dhana hiyo haina msingi. Miongoni mwa mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, Wachangamwe wanaitwa kwa jina la Changamwe, Wajomvu kwa Jomvu, Wamtwapa kwa Mtwapa na Wakilifi kwa Kilifi. Majina manne katika kumi na mawili ni ya bara. Wataalamu wa lahaja nao wanatukumbusha kwamba Kimvita kina ndugu zake wa karibu, Kijomvu na Kichangamwe, ambao hawajachunguzwa kwa kina kinachostahili.

Zaidi ya hayo, bara ndiko ulikoandikwa ukurasa wa kwanza wa uhuru wa watumwa wa Mombasa. Baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa mwaka 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, wamisheni wa CMS walianzisha kituo cha Frere Town, Kisauni, katika miaka ya 1874 na 1875, ili kuwapokea watu waliookolewa kutoka majahazini. Waliotangulia kukijenga ni pamoja na wale walioitwa Waafrika wa Bombay, waliokuwa wamekombolewa utotoni na kulelewa India. Matthew Wellington, mmoja wa waliouchukua mwili wa David Livingstone hadi pwani, alikuwa wa kundi hilo, naye alifariki Mombasa mwaka 1935. Watoro kutoka mashamba ya jirani walikimbilia vituo vya wamisheni, na wenye watumwa wakalalamika kwa ukali. Mgogoro huo ulitulizwa kwa muda mwezi wa Januari 1889, pale Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipowalipa mabwana fidia na kuwapa hati za uhuru watoro zaidi ya 1,000 wa Rabai na vituo vingine. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Kengele ya Frere Town ingali imesimama kando ya barabara, na mahali hapo panaitwa Kengeleni. Maelfu ya watu hushuka matatu hapo kila siku. Ni wangapi wanaojua kwamba kengele hiyo iliwekwa iwaonye watu juu ya hatari ya washika watumwa?

Ukivuka mkono wa Mtwapa, nje kidogo ya mipaka ya Mombasa, utakuta magofu ya mji wa karne ya 14 yaliyochimbuliwa na James Kirkman mwaka 1972 na kuhifadhiwa na Makumbusho ya Kitaifa. Watu wa pwani wanayaita Jumba la Mtwana. Hebu tulitafakari jina hilo. Jumba ni neno la ukubwa na fahari, mtwana ni mtumwa mwanamume. Wenyeji wameyaunganisha maneno mawili ambayo historia iliyatenganisha. Nionavyo mimi, jina hilo peke yake linatosha kuwa dira ya kazi ninayoipendekeza.

Sababu nyingine ni ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili umiliki wa ardhi ya pwani. Waliokuwa na uwezo wa kudai na kuthibitisha walipata hati. Waliokuwa watumwa wao, pamoja na Wamijikenda wengi waliolima bila karatasi, walibaki kuwa maskwota juu ya udongo walioulima. Ndipo ukazuka Mombasa utaratibu wa nyumba bila ardhi, ambapo mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na kulipa kodi ya kiwanja. Ugomvi wa Likoni juu ya shamba la Waitiki, lenye ekari zipatazo 930, ulidumu miaka mingi mpaka serikali ilipolinunua na kuanza kugawa hati kwa wakazi Januari 2016. Kwa hivyo tunapouliza kwa nini jumba la tajiri limehifadhika na nyumba ya mtumwa haikuhifadhika, tusijibu haraka kwamba moja ni ya mawe na nyingine ni ya udongo. Moja ilikuwa na hati na nyingine haikuwa nayo. Hakuna anayehifadhi nyumba anayoweza kuamriwa kuibomoa.

Pingamizi tatu

Ninajua kwamba pendekezo hili lina wapinzani, na baadhi ya hoja zao ni nzito.

Pingamizi la kwanza ni kwamba tutafufua fitina. Katika miji yetu asili ya mtu ni jambo la siri. Wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa wameoana, wanasali msikiti mmoja, wanazikana. Kwa nini kufukua makaburi? Hoja hii ninaiheshimu, na ninakubali kwamba makumbusho hayana haki ya kumtaja mtu wala ukoo kwa asili ya utumwa. Lakini kuna tofauti kati ya kutaja watu na kutaja kazi. Inawezekana kuonyesha jembe, mtungi, kibanda na hati ya uhuru bila kutaja jina la babu wa mtu yeyote. Tena kimya hakijaiondoa fitina. Kimeihamishia kwenye minong'ono, ambako haijibiwi wala haisahihishwi.

Pingamizi la pili ni kwamba watalii wanataka milango ya nakshi, hawataki kibanda cha udongo. Labda. Lakini makumbusho ni shule kabla ya kuwa duka, na wanafunzi wake wa kwanza ni watoto wa Kisauni na Likoni. Isitoshe, ushahidi uliopo unaipinga hofu hiyo. Gorée hupokea wageni wengi kila mwaka, na hawaendi kutazama nakshi.

Pingamizi la tatu ni la kiufundi: nyumba ya udongo haidumu. Ni kweli kwamba mvua za masika chache zinatosha kuila. Lakini nyumba ya udongo huhifadhiwa kwa kujengwa upya, na kinachohifadhiwa hasa ni ufundi. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam kimefanya hivyo tangu miaka ya 1960, kwa kusimamisha nyumba za jamii mbalimbali za Tanzania na kuzikarabati zinapochakaa. Hata mtaa unaokizunguka umeitwa Makumbusho. Na ufundi huo una msamiati wake. Kiambaza hujengwa kwa nguzo na fito, hufungwa kwa kamba, kisha hukandikwa udongo. Juu ya kiambaza hulazwa mtambaapanya. Kutoka hapo makombamoyo hupanda hadi kileleni, na juu yake huezekwa makuti ya viungo. Mtambaapanya! Neno lenye picha, lenye mzaha, lililobuniwa na mtu aliyelala chini akaitazama dari yake usiku. Maneno haya yamo kamusini, lakini vijana wa Changamwe wanaoishi chini ya mabati hawayajui, na wazee wanaoyajua wanapungua. Zidaka zina nyumba ya kuzihifadhia huko Lamu. Mtambaapanya hauna.

Mapendekezo

Ninapendekeza mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wa watu walio hai.

Mosi, majumba ya matajiri ambayo tayari ni makumbusho yafunguliwe orofa ya chini. Kwa kufunguliwa simaanishi ufunguo tu. Maelezo ya ukutani na ya wanaowatembeza wageni yaseme ni nani aliyekata boriti, aliyechoma chokaa, aliyeteka maji na aliyetwanga. Tena yasemwe kwa Kiswahili kwanza. Ni aibu kwa nyumba ya Mswahili kuelezwa kwa lugha ya kigeni halafu Kiswahili kikafuata kama tafsiri, au kisifuate kabisa.

Pili, Serikali ya Kaunti ya Mombasa ianzishe makumbusho madogo ya nyumba upande wa bara. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeyataja makumbusho miongoni mwa majukumu ya kaunti, na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 imeweka njia ya kulinda maeneo yenye thamani ya kihistoria. Eneo la Kengeleni lingefaa sana. Ijengwe hapo nyumba moja ya Kiswahili ya bara yenye ukumbi wa katikati, vyumba pande mbili na uwa nyuma. Na pembeni yake kibanda kimoja cha shambani. Ndani viwekwe kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, jembe na mtungi, kila kimoja na jina lake kwa Kimvita na kwa Kiswahili sanifu. Gharama yake haiwezi kulingana na ya kukarabati jumba moja la mawe.

Tatu, na hili ni letu, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu viifanye kazi ya kukusanya maneno. Kila likizo wanafunzi wetu wengi hurudi pwani. Kila mmoja akikaa na mzee mmoja au na fundi mmoja wa kuezeka, akarekodi majina ya sehemu za nyumba, ya kazi za shamba na ya vyombo, katika miaka mitatu tutakuwa na faharasa isiyopatikana katika kamusi yoyote. Yakusanywe kwa idhini ya wasemaji, bila kuulizana asili, na nakala iwekwe mahali ambapo wao wenyewe wataweza kuisikiliza. Wahadhiri wetu nao wairuhusu kazi hiyo ihesabiwe kuwa mradi wa utafiti wa shahada ya kwanza, badala ya kuturudisha kila mwaka kwenye riwaya zile zile na maswali yale yale.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba nimeutia doa urithi wetu mbele ya wageni. Mimi naona kinyume chake. Tajiri aliyeijenga nyumba ya Lamu alijua vizuri ni nani aliyelala orofa ya chini, na aliyelala chini alijua vizuri zaidi ni nani aliye juu. Wote wawili walikuwa wa nyumba moja, na wote wawili walisema Kiswahili. Huenda yule wa chini, aliyejifunza ukubwani kwa shida, alikitajirisha kwa maneno na ngoma za kwao kuliko tunavyokadiria. Sisi tuliokirithi Kiswahili tumekirithi kutoka juu na kutoka chini. Mlango wa nakshi tumeutazama vya kutosha na tumeusifu kwa haki. Wazee wa Kisauni, Likoni na Changamwe wanaoyajua majina ya mambo ya ndani hawatatungoja, na likizo ijayo iko karibu. Tuanze nayo.